Mwenza mmoja au kundi: uache sigara na nani?

Kila mwaka mwezi wa Shaaban unapokaribia kwisha na Ramadhani iko mlangoni, wanaume watatu wanne hupita kibandani kwangu hapa Wete, Pemba, na swali lile lile. Hawaniulizi waache sigara au wasiache. Hilo wameshaliamua, na kifua chenyewe kimewasaidia kuamua. Wanaloniuliza ni waache na nani: wamtafute mtu mmoja wa kushikana naye mkono, au waingie katika kundi letu linalokutana usiku skuli?

Mimi ni fundi cherehani. Nilivuta miaka kumi na tisa, na sigara nyingi katika hizo nilizivuta nikiwa nimeinama juu ya kitambaa cha mtu. Njia zote mbili nimezipita kwa miguu yangu. Ya mwenza mmoja ilinifikisha miezi minne. Ya kundi imenifikisha mwaka huu wa tano. Ukisikia hivyo utadhani jibu limeshapatikana, kumbe bado, kwa sababu nimewaona watu waliovunjikia kwenye kundi wakasimama vizuri walipobaki na mtu mmoja. Kwa hiyo ninapolinganisha, siitazami siku ya ahadi. Siku ya ahadi kila mwenza ni mzuri. Naitazama siku ile utakayoteleza: utamwambia nani, baada ya muda gani, na atakujibu nini.

Kwa nini usiende peke yako

Wapo walioacha kimya kimya, wakaamka asubuhi moja wakaitupa pakiti na hawakurudi tena. Nawajua wawili. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema kuwa katika kila majaribio 100 ya kuacha bila msaada wowote, yanayofanikiwa ni kama 4 tu. Sababu si udhaifu wa imani, kama baadhi ya watu wanavyopenda kusema. Nikotini, kile kilichomo ndani ya tumbaku kinachomfunga mtu, ikishaingia mwilini hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi, na ubongo uliozoea kulishwa huanza kudai. Madai hayo huwa makali kabisa siku ya pili na ya tatu: hasira, usingizi wa kukatikakatika, mawazo yasiyotulia, njaa isiyo na mpango. Vijana wetu huiita arosto. Baada ya hapo huteremka, na kwa wengi wiki nne zikipita mwili umeshatulia.

Ndani ya siku hizo, hamu yenyewe haikai. Hupanda kama wimbi, na baada ya dakika tano, au kumi zikizidi, imekwisha, uvute usivute. Kazi ya mtu wa pili ni kukuvusha dakika hizo. Hana haja ya kuwa daktari wala sheikh.

Mwenza mmoja

Mwenzangu wa kwanza alikuwa jirani yangu, dereva wa gari ya abiria ya Wete na Chake Chake. Tulianza kwa sababu ya kanzu. Mteja aliniletea kitambaa cheupe cha ndoa ya mwanawe wa kwanza. Nilikuwa nashona, sigara mdomoni, mikono yote miwili kwenye kitambaa, cheche ikadondoka begani. Niliipangusa haraka, lakini ilikuwa imeshafanya kazi yake: tundu dogo kama punje ya mtama, kingo zake rangi ya kahawia. Nikajaribu kulidarizia lifanane na nakshi. Yule mzee alipokuja kuchukua kanzu yake alipitisha kidole begani, na kidole kikasimama pale pale. Hakusema neno. Nilimnunulia kitambaa kingine, na usiku ule nikamweleza jirani yangu. Akatoa pakiti yake mfukoni, akaiweka juu ya cherehani, akasema, "Basi na mimi."

Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi. Akinibipu mara moja, yuko salama. Akinibipu mara mbili, nimpigie nimzungumzishe mpaka wimbi lipite. Mimi nami vivyo hivyo. Alizijua saa zangu za hatari bila kuambiwa: baada ya chai ya asubuhi, na saa kumi na moja jioni wateja wanapopungua. Kundi haliwezi kukujua hivyo. Mwenza mmoja anajua kuwa ukinyamaza siku mbili pana jambo, anajua umegombana na mkweo, anajua mtoto analala na homa. Na anakimbilia simu, kwa kuwa anajua kwamba asipoipokea yeye hakuna mwingine.

Faida nyingine ni siri. Mji wetu ni mdogo, na mambo yaliyosemwa mbele ya mtu mmoja yana nafasi kubwa zaidi ya kubaki yalipo.

Sasa ubaya wake. Mkiwa wawili, mmoja akianguka amebakia mmoja, na huyo mmoja anamtegemea aliyeanguka. Sote tulikuwa tukitafuna karafuu kuua hamu. Karafuu zimejaa Pemba, na ukali wake unaushughulisha ulimi. Mwezi wa nne nikaona jirani yangu anatafuna nyingi kuliko zamani, na akikutana nami anaongea akiwa ameugeuza uso pembeni. Karafuu ile ile tuliyokuwa tukiitafuna kuua hamu, yeye sasa alikuwa akiitafuna kuua harufu. Alikuwa ameshavuta wiki mbili pale kituoni na hakuthubutu kuniambia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimsifu mbele za watu. Nilipojua sikukasirika. Nilihisi kitu kibaya zaidi ya hasira: nilihisi nimepewa ruhusa. Nikanunua moja ya rejareja, nikavuta nyuma ya kibanda. Kufika Ijumaa nilikuwa nanunua pakiti nzima.

Nimekuja kusoma baadaye kwamba hili halikutupata sisi peke yetu. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalitazama mipango iliyojaribu kuwafundisha wenza, wake, waume na marafiki, namna ya kumsaidia mtu anayeacha. Hayakukuta ushahidi kwamba mafunzo hayo yaliongeza idadi ya walioacha. Mimi nalisoma jambo hilo hivi: mtu wa karibu ana mapenzi mengi na hofu nyingi, na vyote viwili vinamtoa mdomoni kwa sura ya lawama.

Ndiyo maana simshauri mtu amfanye mkewe kuwa msimamizi wake. Mke ajue tarehe, ajue kuwa wiki mbili utakuwa mkali, atoe vibiriti na visahani vya majivu ndani, na watoto wapumue. Hayo ni mengi tayari. Ukimwongezea na kazi ya kunusa nguo zako kila jioni, utaanza kumkimbia yeye badala ya kuikimbia sigara.

Kundi

Kundi letu lilianza wiki ya mwisho ya Shaaban, watu saba: mvuvi, mwalimu, mchukuzi wa bandarini, kijana wa bodaboda, bawabu, mimi, na mzee mmoja aliyekuwa amevuta tangu kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Tulikubaliana jambo moja ambalo naona lilituokoa: tusikutane barzani. Barza yetu ni ya saruji, imelainika kwa kukaliwa, na kila mmoja wetu ana mahali pake na pembe yake ya kuegemea. Mkono ukigusa saruji ile unakwenda wenyewe mfukoni. Tukakutana kwenye ngazi za skuli, baada ya tarawehe, robo saa tu.

Uzuri wa kundi niliuona usiku wa tatu wa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Sikukuu ndiyo kaburi la wanaoacha sigara. Siku nne za kutembeleana, biriani, kahawa, na kila nyumba ina shemeji anayekukaribisha moja. Mzee wetu akaja, akakaa ngazi ya chini, akavua kofia akaiweka gotini. Akasema, "Nimevuta mbili. Jana moja, na leo asubuhi moja." Pakawa kimya. Mimi nilikuwa na mawaidha yamenijaa mdomoni. Mvuvi akaniwahi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulikuwa wapi, baba? Na ulikuwa na nani?"

Mzee akaeleza: kwa mpwa wake, baada ya chakula, kahawa ikiwa mkononi, na yule mpwa akampelekea pakiti iliyofunguliwa kwa heshima. Tukazungumza juu ya kahawa na juu ya mpwa, si juu ya mzee. Dakika kumi hazikupita, kijana wa bodaboda akasema, "Mimi tatu, babu. Nilikuwa sitaki kusema." Wawili wameanguka, watano wamesimama, na waliosimama wanatosha kuwanyanyua wawili. Hapo ndipo nilipoielewa tofauti. Kwa jirani yangu, kuteleza kwake kuliniangusha. Hapa kuteleza kwa mzee kulimtoa kijana mafichoni.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Wakasema pia penye wengi pana mengi, na yote mawili tuliyaona. Ramadhani ile ile maneno yalitoka. Nani aliyasema hatukujua, lakini baba wa mmoja wa vijana waliojiunga katikati ya mwezi, ambaye hakuwa akijua mwanawe anavuta, aliambiwa msikitini. Kijana hakuja tena. Nilimwona wiki ileile ameegemea ukuta wa soko, sigara nje nje, kwa kuwa hakuwa tena na cha kuficha. Hilo bado linaniuma. Kwa mwenza mmoja lisingetokea.

Jambo la pili ni mashindano ya siku. Mwanzo kila mtu alitaja hesabu yake: mimi tisa, mimi kumi na nne. Mwalimu alifika arubaini, tukampigia makofi. Miezi baadaye alikiri kuwa arubaini ile ilikuwa na matundu: hesabu ikishakuwa kubwa, alisema, ni vigumu kuivunja mbele za watu. Tangu hapo hatuhesabu kwa sauti. Tunaulizana neno moja tu: "Leo?" Mtu anajibu leo amepita au leo hakupita.

Ushahidi wa kisayansi unasemaje? Mapitio mengine ya Cochrane, ya mwaka 2017, yalikuta kuwa programu za makundi huwafaa watu kuliko kuachiwa vijitabu na maelekezo wajisaidie wenyewe. Lakini hayakuona wazi kwamba kundi linamshinda mshauri anayekaa na mtu mmoja kwa ukaribu uleule. Kwa hiyo anayekwambia kundi ndiyo dawa, au mwenza ndiyo dawa, amepitiliza.

Kuhusu vikundi vya simu nitasema kidogo. Vinafaa saa nane za usiku wakati ngazi za skuli ziko tupu. Lakini siku ya tatu huingia video za mpira na salamu za Ijumaa, na ujumbe wa mtu anayeomba msaada unapotea katikati. Mkikifungua, kiwe cha jambo hili tu, na awepo mmoja wa kufuta mengine.

Siku ya kuteleza

Hapa ndipo pa kukaa kitako, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Kuteleza si kuanguka. Lugha yetu ilishazitenga habari hizi mbili. Sigara moja ni kuteleza. Kuanguka ni yale yanayofuata. Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt, aliyefanya kazi kwa miaka mingi na watu wenye uraibu, alieleza kwamba kinachomrudisha mtu kwa nguvu ni yale anayojiambia baada ya ile moja: nimeshaharibu, mimi si mtu wa kuweza, basi nimalize pakiti. Nikikumbuka sigara yangu ya nyuma ya kibanda, ilikuwa hivyo hivyo. Moshi ulinichafua tumbo, sikuona raha yoyote. Lakini kufika jioni nilikuwa nimeshajipa jina la mvutaji tena.

Sasa linganisha majibu. Mwenza mmoja aliyeteleza kabla yako atakwambia, "Hata mimi, bwana, tuiache hii habari." Mwenza mwenye hasira atakwambia, "Nilijua hutoweza." Mwenza mzuri atauliza ulikuwa wapi. Kwenye kundi utapata majibu yote matatu kwa usiku mmoja, na mengine, lakini lile jema likitangulia linayazima mengine. Kwa hiyo ukiwa na mwenza mmoja, mpangie jibu kabla. Mwambie leo, ukiwa na akili zako: siku nikikwambia nimevuta, usinisamehe wala usinikemee, niulize tu mahali, saa na mtu. Sisi kwenye kundi tumeifanya iwe kanuni. Anayesikia habari ya kuteleza anauliza hayo matatu kwanza, mawaidha yasubiri kesho.

Na kusema kuwe haraka. Mficha uchi hazai. Saa ya kwanza baada ya kuvuta bado una aibu inayokusukuma kusema. Ikilala usiku mmoja inageuka kuwa uongo unaotakiwa kulindwa. Ukiwa umenunua pakiti, iliyobaki imwagie maji kabla ya kuitupa, kwa sababu pakiti kavu iliyo jaani nimemwona mtu akiifuata. Huku kwetu sigara huuzwa moja moja, nayo ni hatari ya aina yake: mtu hujiambia hajarudi kwa kuwa hajanunua pakiti.

Je, hesabu ya siku ianze upya? Mimi na mwenzangu wa kwanza tulikuwa tukifuta kila kitu, na kurudi kwenye moja baada ya siku tisini ni kama kufiwa. Sasa kila mmoja wetu ana daftari lake lenye namba mbili: siku zote alizopita bila sigara tangu aanze, na siku tangu ya mwisho. Namba ya pili ikirudi sifuri, ya kwanza inabaki. Mzee wetu ana zaidi ya siku elfu katika namba ya kwanza, na ya pili imerudi sifuri mara tano.

Mambo yanayogeuza uchaguzi

Msimu. Ramadhani inalifaa kundi, maana watu wako pamoja, sigara haipo mchana, na moyo umelainika. Lakini saumu peke yake haikuachishi. Tunafunga kama saa kumi na tatu na kitu, na hadi adhana ya Magharibi nikotini ya usiku imeshakaribia kwisha mwilini. Kisha mtu anafuturu kwa tende, maji, na sigara. Ile siku ya pili na ya tatu ya arosto haimfikii kamwe, kwa kuwa kila Magharibi anaanza upya. Ukitaka Ramadhani ikusaidie, usiku wa kwanza ndio wa kukataa. Na panga kabla ya Sikukuu nani atakubipu, kwa sababu kundi hutawanyika siku zile zile unazolihitaji.

Kazi. Vuno la karafuu likianza, wengine wanahamia makambini kwa wiki kadhaa. Mvuvi naye huenda dago, kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, na huko hakuna ngazi za skuli, pengine hata simu haishiki. Yeye alituambia wazi kuwa sisi sita tulio nchi kavu hatumfai kitu. Mtu wake ni nahodha anayekaa naye chombo kimoja. Akamwendea, akamwomba, na nahodha akakubali kutovuta mbele yake. Kama kazi yako inakutoa mjini, mwenza awe pale kazini, hata kama hamkuzoeana.

Kahawa. Hili wengi hawalijui, nami nilichelewa kulijua. Moshi wa sigara hulifanya ini liivunje kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ini linapunguza kasi, na kwa vikombe vile vile vya zamani kafeini kwenye damu inaweza kufika mara mbili ya uliyoizoea. Moyo unapiga, mikono inatetemeka, usingizi hakuna, na mtu anasema arosto imemzidi, kumbe ni birika. Wiki hizo za mwanzo punguza kahawa nusu. Sisi kwenye ngazi tuliibadilisha kwa chai ya tangawizi.

Namna ya kuacha. Mkiwa wawili mtashawishika kukubaliana kupunguza kidogo kidogo: leo nane, kesho saba. Sisi tulijaribu, na kila jioni yalikuwa mazungumzo ya kununuliana sigara za kesho. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa watu 697 na kuchapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha walioacha siku moja na waliopunguza kwa wiki mbili, wote wakipewa ushauri na nikotini ya tiba. Baada ya wiki nne, katika kila 100 walioacha ghafla, 49 walikuwa bado hawajavuta. Kwa waliopunguza walikuwa 39. Wekeni tarehe moja.

Fedha. Sigara kumi kwa siku ni 3,650 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya dukani kwako. Kundi letu linacheza upatu wa fedha hizo, na mchukuzi alinunua baiskeli kwa zamu yake ya kwanza. Ufilipino, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwapa wavutaji akaunti ya kuweka fedha kwa miezi sita, na aliyekutwa na nikotini alipopimwa fedha zake zilikwenda kwa hisani. Waliopewa nafasi hiyo walifaulu kipimo zaidi ya wengine. Sisi hatumtozi mtu faini. Hatuna kipimo cha mkojo, tuna ulimi wa mtu tu, na ulimi ukiutoza faini unanyamaza.

Vibadala. Tambuu yenye tumbaku, ugoro na shisha si njia ya kuacha. Nikotini ni ile ile, na popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inasababisha saratani ya kinywa. Hilo sina maneno mengi juu yake.

Pale ambapo watu peke yao hawatoshi

Kuna swali moja nalimuuliza kila anayepita kibandani: ukiamka, unavuta baada ya muda gani? Anayewasha kabla ya nusu saa kupita, mwili wake umefungwa zaidi, na kumwambia ajikaze tu ni kumwonea. Huyo aende hospitali au kituo cha afya kabla ya kuweka tarehe, aulize juu ya viraka vya kubandika ngozini na chingamu za nikotini. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Zinampa mtu nikotini bila moshi, kisha kipimo kinapunguzwa taratibu. Chingamu hiyo haitafunwi mfululizo kama ya watoto: unatafuna mpaka usikie mwasho, unaiegesha kwenye shavu, unasubiri. Na mchana wa Ramadhani inabatilisha saumu, kwa hiyo anayeitegemea apange na daktari wake mapema. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wasianze chochote bila kumwona daktari.

Dawa haimwondoi mwenza wala kundi. Bawabu wetu alitumia viraka na bado alikuwa wa kwanza kufika kwenye ngazi kila usiku.

Basi, wewe uende wapi?

Ukivuta zaidi ukiwa na watu, barzani, maskani, kituoni, nenda kwenye kundi, kwa sababu unachokiacha ni pamoja na mahali, na mahali hapaachwi bila kupata pengine pa kukaa. Watu watano hadi wanane wanatosha. Wakizidi, mkimya hasikiki.

Ukivuta zaidi ukiwa peke yako, usiku, ukiwa na mawazo, kundi litakuona robo saa na kukuacha saa zako zote za hatari. Tafuta mtu mmoja. Kama unaweza, awe ameshaacha zamani, si anayeanza pamoja nawe. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo: tulikuwa wawili majini na hakuna aliye ufukweni.

Ukiwa na siri ya kulinda, usiingie kundi kwa kuwa tu marafiki wamekuita. Nawafikiria zaidi wanawake. Wachache wanaovuta huku kwetu huvuta kwa kujificha, na mteja wangu mmoja, mtu mzima, alinieleza kuwa alichoogopa kuliko saratani ni kujulikana. Aliacha kwa msaada wa shoga yake mmoja. Walikuwa wakikutana kila Alasiri kwa kisingizio cha kusuka ukili, mikono ina kazi, mdomo una mazungumzo. Kwa hali yake sioni njia iliyokuwa bora kuliko hiyo.

Na ukiwa umeshashindwa kwa njia moja, jaribu nyingine kabla ya kujihukumu. Jirani yangu, yule dereva, alikaa nje mwaka mzima akiona haya kukutana nami. Shaaban iliyofuata nilimwendea kituoni mwenyewe. Sikumuuliza kwa nini alinificha. Nilimuuliza alikuwa wapi siku ile ya kwanza, na alikuwa na nani. Akakaa kwenye ngazi ya gari lake akanieleza mpaka abiria wakaanza kulalamika. Usiku ule alikuja skuli.

Sasa tuko kwenye kundi sote wawili, na lile la zamani hatukuliacha. Yeye ana mwaka wa tatu. Kila siku saa kumi na moja jioni, wateja wanapopungua na gari lake likiwa limepumzika Chake, simu yangu hulia mara moja na kukatika.